Wapelekeni uwandani kabla ya kuwatahini

Muaither, Al Rayyan
Qatar

KWA: Wakuu wa Baraza la Mitihani la Tanzania na Taasisi ya Elimu Tanzania, wakuu wa Baraza la Mitihani la Kenya na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na walimu wakuu wa shule za Al Rayyan zinazosomesha watoto wa Afrika Mashariki.

YAH: KAZI YA UWANDANI KATIKA MTIHANI WA JIOGRAFIA

Waheshimiwa,

Kuna swali ambalo kila mwalimu wa Jiografia nchini Kenya analitarajia kabla bahasha ya mtihani haijafunguliwa. Mtahiniwa huambiwa kwamba darasa lake linakusudia kwenda kuchunguza mto, machimbo, soko au shamba la chai. Kisha huulizwa umuhimu wa ziara ya awali, njia za kukusanya data, na matatizo yanayoweza kujitokeza. Majibu yake yamekaa tayari daftarini tangu kidato cha kwanza: kulizoea eneo, kupanga muda, kukadiria gharama, kutazama, kuhoji, kupima, kuchukua sampuli, mvua, uchovu, wanyama wakali, watu wasiotaka kuhojiwa. Mwanafunzi akiyaandika hayo anapewa alama zake zote, hata kama kwa miaka minne hakuvuka geti la shule kwa ajili ya somo hili.

Upande wa Tanzania hali haiko mbali na hiyo. Utafiti na upimaji wa ardhi ni mada kamili katika Jiografia ya sekondari. Mwanafunzi anachora mnyororo wa kupimia, vigingi na dira, anaeleza hatua za kazi moja baada ya nyingine, anataja makosa yanayoweza kutokea wakati wa kupima, na huenda akamaliza kidato cha nne bila kuushika mnyororo huo mkononi.

Na huku ninakoandikia, wapo watoto wetu wanaofanya mtihani wa Cambridge. Muundo wake wa miaka mingi umeiachia shule uamuzi: ama mwanafunzi afanye mradi wake wa uwandani na upewe alama, ama akae darasani afanye karatasi mbadala, inayomsimulia uchunguzi uliofanywa na wanafunzi wengine na kumtaka auchambue. Kati ya hao, wote ninaowasaidia mimi wanafanya hiyo mbadala.

Mitaala mitatu, na tabia moja. Ombi langu kwenu ni hili: mtoto asiulizwe habari za kazi ya uwandani ambayo hamkuhakikisha kwamba ameifanya. Au mtihani uifanye kazi hiyo kuwa ya lazima, au tuache kumpa mtu alama kwa kusimulia safari ambayo hakwenda.

Nilifundisha Jiografia Dar es Salaam kabla ya kuja Uarabuni. Sasa mwisho wa juma nawasaidia watoto wa Watanzania, Wakenya na Waganda, wengine wakiwa katika shule za hapa, wengine wakijiandaa kurudi nyumbani kufanya mitihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Ninaandika kutoka Al Rayyan kwa sababu ni hapa, mahali ambapo mtu angedhani hapana cha kufundishia Jiografia isipokuwa mchanga na barabara, ndipo nilipoona jinsi somo hili linavyopotea huku limetuzunguka.

Al Rayyan ni manispaa inayoanzia ukingoni mwa jiji la Doha na kutandaa kuelekea jangwani. Sensa ya 2020 ilihesabu humu watu zaidi ya laki 8. Kuna Education City yenye matawi ya vyuo vikuu vya kigeni na Maktaba ya Taifa ya Qatar. Kuna viwanja vilivyochezewa Kombe la Dunia la 2022. Na pembeni kuna Eneo la Viwanda, pamoja na makazi ya wafanyakazi yaliyo jirani nalo, ambako Waafrika Mashariki wengi hulala na kuamkia kazini: walinzi, madereva, wasafishaji, mafundi.

Sasa tazameni mada ya uhamaji. Wanafunzi wangu wakiifikia, wanakariri mfano wa Wamexico wanaovuka mpaka kwenda Marekani, kwa kuwa ndio uliomo katika madaftari wanayorithishana. Wanazikariri sababu zinazomsukuma mtu atoke kwao na zinazomvuta aende kwingine. Wakati huohuo mjomba wa mmoja wao analala chumba kimoja na wenzake kule Eneo la Viwanda, safari fupi tu ya basi kutoka mezani wanaposomea, na kila mshahara ukitoka anatuma fedha nyumbani. Mtihani wenyewe haukatazi mfano huo. Unamruhusu mtahiniwa ataje nchi aliyoisoma. Ni sisi walimu, pamoja na muundo wa mtihani usiodai zaidi ya hapo, tulioamua kwamba mjomba hafai kuwa chanzo cha maarifa.

Mpeni mtoto huyo kazi ya uwandani ya kweli. Amwombe mjomba ruhusa, amuulize alikuja mwaka gani, alipitia kwa wakala gani na kwa gharama zipi, fedha anazotuma zinasomesha nani na zimejenga nini, na nani sasa analima shamba aliloliacha. Awaulize hivyohivyo na wenzake wa chumbani, kila mmoja na mkoa au kaunti yake, kisha achore ramani ya mitiririko ya watu na fedha. Halafu achukue takwimu za sensa. Qatar ni nchi ambayo karibu robo tatu ya wakazi wake ni wanaume. Piramidi yake ya umri imevimba upande mmoja, kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi. Tanzania ilihesabu watu 61,741,120 mwaka 2022, na piramidi yake ina kitako kipana cha watoto. Akizichora hizo mbili kwa mkono wake, moja kando ya nyingine, ataona kwamba mjomba ameondoka kwenye mchoro mmoja na kuingia kwenye mwingine. Baada ya hapo hahitaji kukariri sababu sita za uhamaji.

Au chukueni hali ya hewa. Kila mwanafunzi wa Jiografia, wa Tanzania na wa Kenya, anajua kuchora kibanda cheupe cha kituo cha hali ya hewa, na ndani yake vipimajoto viwili: kimoja kikavu, kingine chenye balbu iliyovishwa kitambaa kibichi. Anajua kwamba tofauti ya vipimo vyao huonyesha unyevu wa hewa. Sheria ya Qatar ya mwaka 2021 inakataza kazi za nje zisizo na kivuli kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Zaidi ya hayo, inataka kazi isimame saa yoyote ile endapo kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kitavuka nyuzi 32.1. Kipimo hicho kimejengwa juu ya kile kitambaa kibichi. Kinaamua saa ambayo baba au kaka wa mwanafunzi wangu ataweka chini koleo na kukaa kivulini. Mtoto amekichora mara nyingi, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kina uhusiano wowote na mwili wa mtu anayempenda.

Si lazima apimie kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ya hapa ni nzuri, na vipimajoto viwili vya bei ndogo vinatosha. Darasa lipime juu ya lami, juu ya mchanga, chini ya mti wa bustani, asubuhi na adhuhuri, liandike, lichore grafu. Hiyo ni kazi ya nusu siku.

Kuhusu maji: Qatar haina mto hata mmoja. Maji ya bombani karibu yote hutengenezwa kutokana na maji ya bahari. Mvua ikinyesha, maji hukimbilia mabonde madogo mapana yaitwayo rawda, yenye udongo mzuri na miti, ambayo kwa karne nyingi yalikuwa malisho na mashamba. Tarehe 20 Oktoba 2018 kituo cha Abu Hamour, humuhumu Al Rayyan, kilipima zaidi ya milimita 80 za mvua kwa siku moja, kiasi ambacho Doha kwa kawaida haipati hata kwa mwaka mzima. Barabara za chini zikajaa, maduka na nyumba vikaingiliwa na maji. Mwanafunzi anayeandika kwamba mafuriko ya mijini husababishwa na sakafu ngumu zisizonywa maji anaandika ukweli. Lakini akitembea mitaa ya Abu Hamour akiwa na ramani ya miinuko mkononi, akatafuta ni wapi ardhi inabonyea na maji yangekimbilia wapi, atagundua jambo ambalo halimo katika orodha ya majibu yanayokubalika: kwamba mji umejengwa juu ya njia za maji ambazo hakuna aliyezikumbuka, kwa kuwa zilikuwa kavu siku zote isipokuwa chache.

Ningeweza kuendelea. Karibu na kijiji cha Rawdat Rashed kuna shimo kubwa liitwalo Dahl Al Misfir, lenye kina cha mita 40 hivi, lililotokea kwa maji kuyeyusha jasi na chokaa chini ya ardhi. Ni mchakato uleule wa kuyeyuka kwa miamba unaofundishwa Tanga kwa mfano wa mapango ya Amboni. Na kusini, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, kuna machuguu ya mchanga ya umbo la mwezi mchanga, barkani, yanayosukumwa na upepo wa kaskazini-magharibi. Kila mwaka nasahihisha michoro ya barkani ambazo pembe zake zimegeuzwa. Pembe huelekea kule upepo unakokwenda. Mtoto aliyewahi kusimama juu ya barkani moja, upepo ukimpiga mgongoni, hatakosea mchoro huo maisha yake yote.

Nyumbani ndiko hasara ilikozidi, na ndiko mlikoshika usukani, kwa hiyo hapo nitakaa.

Shule za Magomeni, Kigogo, Ilala na Kariakoo zina Mto Msimbazi mlangoni. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Una kila kitu anachotaka mtunga mtihani: mmomonyoko juu, mikunjo katikati, uwanda wa mafuriko chini, mikoko mlangoni mwa bahari. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baadaye kituo cha mabasi yaendayo haraka kikajengwa Jangwani, katikati ya uwanda huohuo, na mvua kubwa zikakifurisha tena na tena. Darasa zima lingeweza kusimama ukingoni na kuuliza: kwa nini hapa? Nani aliamua? Ramani ilisemaje? Lakini mikunjo ya mto tuliyoichora ubaoni ilikuwa ya Mississippi, na delta ilikuwa ya Nile. Nilichora hivyo kwa sababu ndivyo vitabu vilivyochora, na kwa sababu hakuna alama hata moja katika mtihani ambayo mwanafunzi angeikosa kwa kutoufahamu Msimbazi.

Mwaka 2015, katika jiji hilohilo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi katika mradi wa Ramani Huria. Walitembea kata zinazofurika, wakaorodhesha mitaro, majengo, njia na madaraja madogo, wakayaingiza katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Wazee wa mitaa waliwaonyesha maji yalifika wapi ukutani katika mafuriko yaliyopita. Nairobi walitangulia: mwaka 2009 vijana wa Kibera walifundishwa kutumia vifaa vya kupokea mawimbi ya satelaiti, wakachora mtaa wao ambao katika ramani nyingi ulikuwa eneo tupu. Hawakuwa wataalamu. Walikuwa vijana wa mtaani waliopewa mafunzo mafupi na sababu nzuri ya kutembea.

Nikiyatazama hayo sioni kwa nini mtoto wa kidato cha tatu asifanye sehemu ndogo ya kazi hiyo. Simu zipo, hata kama ni moja kwa wanafunzi kumi. Mitaro ipo. Wazee wenye kumbukumbu wapo, ingawa hao hawatangoja sana.

Maji na ardhi hugusa pia uhai wa watu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu katika Bonde la Ufa nchini Kenya, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuziba, yalipasua na kushuka yakiwa na matope na mawe. Makumi ya watu walikufa. Miezi michache kabla, tarehe 3 Desemba 2023, tope na miamba vilishuka kutoka Mlima Hanang nchini Tanzania na kuvamia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Sitasema kwamba somo la darasani lingewaokoa marehemu hao. Kusema hivyo kungekuwa kuwakosea. Mamlaka zinazojenga reli, zinazogawa viwanja na zinazotoa tahadhari zina wajibu ambao haufai kuwekwa juu ya mabega ya watoto. Ila najua hili: katika kila kijiji kilicho chini ya mlima kuna watu waliosoma Jiografia hadi kidato cha nne. Walifundishwa kontua. Walijibu swali la ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambalo nchini Kenya ni la lazima katika karatasi ya kwanza. Na wengi wao hawajawahi kuiona, hata mara moja, karatasi ya ramani yenye kijiji chao.

Hapo ndipo ninapotaka mpaangalie kwa muda. Swali la ramani huletwa na kipande cha eneo ambalo wengi wa watahiniwa hawajafika, na kwa mtihani hiyo ni haki, ili asiwepo anayependelewa. Lakini mafunzo ya miaka yote kabla ya mtihani yangeweza kufanyika juu ya ramani ya eneo la shule yenyewe. Serikali zetu zina ramani hizo, zimepimwa kwa fedha za umma. Kila shule ya sekondari ipewe karatasi za eneo lake, nakala za kutosha darasa. Mwanafunzi aanze kwa kutafuta nyumba yao, kisima, shule, korongo analovuka kila siku, kisha atoke nje aone kama ramani inasema kweli au imepitwa na wakati.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukisema katika vikao vya walimu. Darasa lina watoto 70. Kipindi kina dakika 40. Basi ni ghali, wazazi wamechoka na michango, na mtoto akiumia njiani mwalimu ndiye atakayehojiwa. Yote haya ni kweli na sitaki yapuuzwe.

Lakini hebu tukumbuke tulivyofanya kwa masomo mengine. Fizikia, Kemia na Biolojia zina mtihani wa vitendo. Kwa sababu mtihani huo upo, Tanzania iliamua kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na mwaka 2014 na 2015 wananchi walichangishwa, wakuu wa wilaya wakabanwa, kuta zikasimama. Nchini Kenya, Kilimo kina mradi unaotahiniwa, na Kompyuta ina wake. Nchi hutafuta fedha na muda pale mtihani unapodai. Jiografia haijawahi kudai, ilhali maabara yake haihitaji matofali. Korongo nyuma ya shule, soko la Jumamosi, mtaro wa barabarani, machimbo ya kokoto, ufuo wa bahari: hivi vinafikika kwa miguu kutoka shule nyingi kuliko tunavyokiri. Sidai mbuga ya wanyama wala hoteli. Nadai nusu siku mbili katika miaka minne, kwa mwendo wa miguu.

Hofu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni udanganyifu. Alama zikitolewa na mwalimu wa shule, zitapanda. Miradi itaandikwa na kaka mkubwa, au itanunuliwa, na siku hizi itaandikwa na kompyuta kwa dakika moja. Hofu hii ninaiheshimu, na kwa ajili yake siungi mkono wazo la kumwachia mwalimu fungu kubwa la alama. Uganda, katika mtaala wake mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 na kutahiniwa mara ya kwanza 2024, imetenga asilimia 20 ya alama kwa tathmini ya shuleni. Nia yake ni njema na inastahili kufuatiliwa kwa karibu. Ila kwa Jiografia ipo njia ninayoiona salama zaidi.

Uingereza ilibadili mtihani wake wa Jiografia wa miaka 16 kuanzia kozi za 2016. Ilifuta alama za mradi zilizokuwa zikisimamiwa na shule. Badala yake kila mwanafunzi lazima afanye kazi ya uwandani angalau mara mbili, nje ya eneo la shule, na shule ithibitishe kwa maandishi kwa bodi ya mitihani kwamba imefanyika. Kisha ndani ya chumba cha mtihani anaulizwa kuhusu kazi yake mwenyewe: ulichunguza swali gani, kwa nini ulichagua vituo vile vya kupimia, matokeo yako yanaaminika kiasi gani, ungerudia ungebadili nini. Alama zote zinabaki kwa watahini wa nje. Mwalimu hana cha kupandisha.

Mfumo huo tunaumudu. Mkuu wa shule ajaze fomu moja: tulikwenda wapi, lini, tulipima nini. Fomu ifike barazani kabla ya mtihani. Mtahini anayesahihisha karatasi za kituo hicho awe nayo mbele yake. Mwanafunzi akiandika kwamba aliogopa simba wakati fomu inasema darasa lilikwenda sokoni Kongowea, tutajua. Wakaguzi wa elimu wanaweza kuitembelea shule moja kati ya nyingi na kuomba kuona madaftari ya uwandani, yenye matope na hesabu zilizofutwafutwa. Daftari la namna hiyo ni gumu kulighushi kuliko insha safi.

Wakati wake ni sasa, na sisemi hivyo kwa mazoea. Kenya imeanza sekondari ya juu ya mtaala mpya Januari 2026. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, KCSE, ni wa 2027, na mtihani wa kwanza wa gredi ya 12 unatarajiwa 2028. Katika mfumo huo Jiografia ni somo la kuchagua, ndani ya mkondo wa Sayansi za Jamii, na watoto wengi wataishia na ile waliyoionja ndani ya Maarifa ya Jamii hadi gredi ya 9. Mimi nasikitika kwamba mtoto anayetaka uhandisi anaweza kuiacha Jiografia akiwa na miaka 15, katika nchi yenye bonde la ufa, ukame na mafuriko. Lakini hata kwa hao watakaoichagua, muundo wa mtihani wao bado unaweza kurekebishwa kabla haujawa desturi. Tanzania nayo inaingiza hatua kwa hatua mitaala iliyoboreshwa ya 2023, inayotaja umahiri kila ukurasa. Umahiri wa kupima mto huonekana mtoni. Kama karatasi ya mtihani itabaki ileile, walimu watafundisha kwa karatasi, kama walivyofanya siku zote, wala siwalaumu.

Kwenu walimu wakuu wa hapa Al Rayyan nina neno fupi. Najua ratiba zenu zimejaa na jua la hapa halina mzaha. Karatasi mbadala ni halali na si kosa kuichagua. Naomba tu kwamba hata mkiichagua, muwatoe watoto nje kabla hawajaifanya. Treni ya mstari wa kijani inafika hadi Maktaba ya Taifa, ambako kuna mkusanyiko wa ramani za kale za Ghuba. Darasa lianze na ramani hizo, lione Doha ilipokuwa kijiji cha wavuvi na wapiga mbizi wa lulu, kisha lirudi likishuka kituo baada ya kituo, likihesabu watembea kwa miguu, likiandika matumizi ya ardhi, likiuliza watu watokako. Wasaidizi mtawapata. Wapo wazazi wa Kiafrika Mashariki waliofanya kazi za upimaji, za ujenzi, za mabomba ya maji, ambao wangekuja siku yao ya mapumziko kuonyesha kazi yao kama wangeombwa. Hadi leo sijasikia aliyeombwa.

Nawaomba mabaraza yote mawili mtangaze hadharani, kabla ya miundo mipya ya mitihani kuchapishwa, kama fomu ya uthibitisho wa kazi ya uwandani itakuwemo au haitakuwemo, na kama haitakuwemo, mtuambie sababu. Naomba pia taasisi za mitaala zikae na idara za upimaji na ramani za nchi zetu, zihesabu gharama ya kuipa kila sekondari karatasi za eneo lake, na gharama hiyo iwekwe wazi ili sisi tulio ughaibuni tujue ni shule ngapi tunaweza kuzichangia. Tunatuma fedha nyumbani kwa ajili ya mabati na madawati. Tutatuma kwa ajili ya ramani pia.

Wasalaam,

Mwalimu wa Jiografia
Muaither, Al Rayyan